Mapokezi ya Mwalimu Leokadia

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa bila kibali. Msianze kukonyezana. Iko mbali sana na hapa, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika. Nchi hiyo ina kila kitu ambacho nchi hupaswa kuwa nacho: bendera ya buluu, wimbo mrefu wa taifa, chemchemi ya marumaru ambayo hutoa maji siku za sherehe tu, na Wizara ya Wageni, Wenyeji na Wasiojulikana. Wizara hii huwapokea wanaoingia na kuwatazama waliopo. Kuhusu hilo kundi la tatu, haiulizwi.

Mwalimu Leokadia alifika huko kwa mpango wa Mabadilishano ya Udugu. Nchi yake, iliyo ng'ambo ya mto, ilimtoa yeye, mwalimu wa jiografia, na nchi hiyo ikamtoa Mkurugenzi Msaidizi wa Magwaride, ambaye mpaka leo yuko kwao Leokadia akiwafundisha watumishi wa umma kupiga makofi kwa pamoja. Kila upande uliamini kwamba mwenzake ndiye aliyepunjwa.

Leokadia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia mbaya ya kujibu swali aliloulizwa. Alipangiwa chumba kwa Bi. Mwanaheri, mjane muuza chai wa Mtaa wa Bomba Jipya. Aliingia mle kama mpangaji, lakini alipougua homa katika msimu wake wa kwanza wa mvua, Bi. Mwanaheri alitandika mkeka kando ya kitanda chake na kulala hapo mpaka homa ikashuka, tena bila kuacha kumsema kwa kulala madirisha wazi. Tangu siku hiyo Leokadia alimwita mama, na hakuwa anaigiza.

Asubuhi moja chai ya Bi. Mwanaheri ilitoka buluu. Alibadilisha majani, ikatoka buluu. Alibadilisha maziwa, akabadilisha na birika lenyewe, ikatoka buluu vilevile. Basi akatoka nje, akashika kiuno, akasema kwa sauti aliyojaliwa: "Jamani, haya maji yanaumwa!" Kabla birika halijachemka tena alikuwa ameshakamatwa. Shitaka lake lilikuwa kuyasingizia maradhi maji ya serikali.

Sasa Leokadia alijua maji yale yanaumwa nini. Wiki chache nyuma aliwatoa wanafunzi wake darasani ili waone kwa macho namna maji yanavyoufikia mji, na huko wakakuta bomba nene la kiwanda cha ngozi limeungwa kwenye bomba la wananchi. Pale kwenye kiungo palikuwa na utepe uliokatwa na kibao cha shaba, kwa maana nchi ile haifungui kitu chochote ila kwa heshima zote. Kibao kilisema kwamba muungano huo ulizinduliwa na Mheshimiwa Sururu, Waziri wa Wageni, Wenyeji na Wasiojulikana, ambaye kiwanda ni chake na shemeji zake.

Wanafunzi hawakuweza kutoa ushahidi, kwani kisheria mtoto wa nchi ile haoni kitu mpaka atimize umri. Alibaki mwalimu peke yake. Na hakimu akapanga kesi isikilizwe siku inayofuata baada ya viza ya mwalimu kuisha. Wenye roho mbaya walisema imepangwa makusudi. Hakimu alieleza kwa upole kwamba kosa ni la kalenda, na kwamba yeye shahidi anamkaribisha kwa mikono miwili, mradi tu awe nchini kihalali.

*

"Nataka kubadili viza ya mabadilishano iwe ya matembezi, kabla haijaisha," Leokadia alimwambia karani dirishani.

Karani aliitwa Bwana Hemedi. Alikuwa mtu mwenye uso wa huruma na tai ya wizara, na vitu hivyo viwili vilikuwa vikigombana shingoni mwake kila siku ya kazi.

"Mapema mno, mwalimu. Viza yako bado nzima. Mtu hatibiwi akiwa mzima."

"Nikingoja iishe?"

"Hapo utakuwa mhalifu. Wahalifu hatuwahudumii dirisha hili."

"Basi nije lini?"

"Inapoisha. Siyo kabla, siyo baada." Bwana Hemedi akainamisha kichwa. "Ila inapoisha huwa tumefunga. Viza zote za nchi hii huisha Siku ya Kuishukuru Wizara, na siku hiyo sisi tunakuwa uwanjani tunashukuriwa."

Leokadia alimtazama bila kupepesa. Bwana Hemedi akaona bora amalizie kabisa.

"Na hata tungekuwa wazi, mwalimu, iko shida nyingine. Mtu hawezi kutembelea mahali ambapo tayari yupo."

"Waziri wako juzi si alitembelea jimbo lake? Ana nyumba kule. Ana mke kule. Redio ilisema ametembelea."

Foleni nzima ilishikwa na kikohozi. Bwana Hemedi naye alitafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Alipoibuka, mwalimu alikuwa ameshaketi kwenye benchi, kikapu mapajani.

"Siondoki," alisema.

Kweli hakuondoka. Walifagia wakampitia pembeni, wakazima taa, na asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani. Alikaa siku iliyofuata na nyingine tena. Watu wa foleni wakaanza kumwuliza yeye badala ya karani, naye akawajibu, tena kwa usahihi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ofisi ile. Wakubwa waliona hatari hiyo mapema. Wakaamua apelekwe mbele ya Jopo la Matembezi, likamfelishe kwa utaratibu.

Bwana Hemedi alimsindikiza mpaka mlangoni. "Mwalimu wangu, nakuomba, humo ndani usijue kitu," alinong'ona. "Nchi hii inawapenda watembezi kwa sababu hawajaona kitu bado. Wakikuuliza saa ngapi, wewe shangaa kwanza kwamba tuna saa."

*

Mwenyekiti wa Jopo alikuwa Mheshimiwa Sururu mwenyewe, mtu mpana aliyevaa suti ya buluu ya bendera. Kushoto na kulia kwake waliketi wajumbe ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana naye, na mwanasheria mmoja mwembamba aliyekumbatia kitabu cha sheria kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Soko kuu liko wapi?" akauliza Mheshimiwa.

Kwa mwalimu wa jiografia swali hilo liliuma kama jino. Soko kuu alikuwa amelichora ubaoni mara nyingi, na miongoni mwa waliolinakili alikuwamo binti wa Mheshimiwa.

"Sijui," alisema Leokadia.

Wajumbe walitabasamu. Ilikuwa ni dalili nzuri.

"Na jengo lile pale dirishani, lisilo na paa?"

Lilikuwa hospitali ya wilaya. Leokadia alishalala pale mwavuli mkononi. "Sijui. Labda ni uwanja wa maonyesho."

"Safi sana! Na nchi yetu unaionaje?"

"Kubwa."

"Shangaa kidogo."

Leokadia akainua nyusi.

"Zaidi ya hapo. Wenzako kutoka mabara mengine huziba mdomo kwa kiganja."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Mwanasheria akaandika kwamba mwombaji ameshangaa ipasavyo. Mheshimiwa Sururu akaegemea kiti, akacheza na kalamu, kisha akauliza polepole kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Na mwanamke anayeitwa Mwanaheri, unamfahamu?"

Leokadia aliona aibu. Soko alikuwa amelikana, hospitali ameikana, na yote hayo aliyameza kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa alikuwa akitakiwa amkane mtu mwenyewe. Damu ilimpanda usoni. Hakufikiri tena.

"Namfahamu. Ni mama yangu hapa kwenu. Ndiye ninayetaka kumtembelea."

"Aha! Kwa hiyo kuna kitu unakijua!" Mheshimiwa aligonga meza. "Mtembezi hafahamu watu!"

"Sheria yenu inataka mtembezi ataje mwenyeji wake. Mlitaka nimtaje nani, nisiyemfahamu?"

Mwanasheria alifunua kitabu chake, akafuata mistari kwa kidole, akakohoa. Alisema kwa masikitiko kwamba mwombaji ana hoja. Aliendelea kusema, kwa kuwa wanasheria hawajui kuishia pazuri, kwamba kipo pia kifungu cha Wenyeji Walio Ndani. Kifungu hicho kilitungwa enzi zile ambapo wenyeji walikuwa wakikamatwa wageni wakiwa bado mezani. Kinasema kwamba mwenyeji akiwa chini ya ulinzi wa serikali, basi serikali hubeba wajibu wake wote kwa mgeni, mpaka mwenyeji huyo atakapotoka.

Mjumbe mmoja alianza kucheka kwa dharau, lakini Mheshimiwa alimnyamazisha kwa mkono. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Akilini alikuwa ameshaona kamera, zulia na umati.

"Basi mwenyeji wako ni mimi!" alisema. "Serikali haikimbii wajibu! Tutakupokea Siku ya Kuishukuru Wizara, pale pale Bomba Jipya, mbele ya taifa zima. Nitakukabidhi glasi ya maji ya bomba kwa mkono wangu. Utakunywa, utafuta midomo, utasema ni matamu. Hapo hapo utagongewa muhuri wa matembezi, na kesho yake uende mahakamani ukaseme chochote unachotaka kuhusu maji uliyokunywa na kuyasifu."

"Na nisipokunywa?"

"Lori la mpakani litakuwa limeegeshwa karibu," alisema Mheshimiwa kwa ukarimu.

*

Leokadia alikwenda mahabusu kumweleza mama yake. Walikalishwa kwenye benchi refu, askari mmoja akisinzia kando yao.

"Ukiyanywa, mimi ni mwongo, na nitaozea humu," alisema Bi. Mwanaheri baada ya kusikia yote. "Usipoyanywa, wewe unapakiwa kwenye lori, na mimi nitaozea humu vilevile. Huyo Sururu ana akili. Sikumdhania."

"Nifanyeje, mama?"

"Uende kwenu ukiwa na matumbo yako mazima. Ndiyo ninachotaka."

"Sitaki kwenda."

"Najua hutaki! Nani kakuuliza unachotaka?" Macho ya Bi. Mwanaheri yalijaa machozi, na hilo lilimkasirisha zaidi. Akachukua kikombe cha bati kilichokuwa kwenye benchi, akachungulia ndani, akakisukuma mbali. "Hata maji siwezi kukukaribisha. Angalia yalivyo. Siyaonji haya hata kwa viboko, na mgeni nimpe nini ambacho sijakionja mwenyewe?"

Katika nchi ile, tangu ikulu hadi kibanda cha mwisho, mwenyeji huonja maji mbele ya macho ya mgeni ndipo ampe. Ni jambo la kila siku kiasi kwamba hakuna anayelisema, kama vile watu wasivyosema kwamba mlango hufunguliwa kabla ya kuingia. Leokadia alimtazama Bi. Mwanaheri. Bi. Mwanaheri alikitazama kikombe, kisha akamtazama Leokadia, mabega yakaanza kumcheza. Akacheka mpaka khanga ikamteleza kichwani. Leokadia naye akacheka, mara ya kwanza tangu chai ibadilike rangi.

Askari aliamka akawauliza wanacheka kwa kifungu gani.

*

Siku ya Kuishukuru Wizara ilifika na jua lake. Bomba la mtaani lilipakwa rangi, zulia jekundu likatandikwa juu ya matope, viti vya wakubwa vikapangwa chini ya turubai. Hakimu alikaa mstari wa mbele. Bendi ya polisi ilikuwapo, na lori la mpakani lilikuwapo, limefungwa maputo ili lisimtishe mgeni. Nyuma ya kamba walijaa watu wa Bomba Jipya, wengi wao wakiwa na matumbo yaliyowasumbua usiku kucha.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Sururu alinguruma kwenye kipaza sauti, "wako wanaosema maji yetu yana rangi. Ni kweli! Yana rangi! Ni rangi gani? Tazameni juu ya mlingoti! Nchi ngapi duniani zimejaliwa maji yanayofanana na bendera yao? Wengine maji yao hayana rangi yoyote. Hayana msimamo! Ya kwetu, ukiyaona tu, unajua ni ya taifa gani!"

Wakubwa wakapiga makofi kwa pamoja. Glasi ikajazwa bombani. Ilitoka buluu kolevu, na povu juu yake. Mheshimiwa aliishika kwa mikono miwili, akamsogezea Leokadia, kamera zikasogea. Mezani, Bwana Hemedi alikuwa ameshafungua pasipoti na kuuweka muhuri tayari.

Leokadia hakunyoosha mkono. Alipiga goti kidogo, kwa adabu, akasema kwa sauti yake ya darasani inayofika dawati la nyuma: "Asante, mwenyeji wangu. Onja kwanza, Mheshimiwa."

Mwanamke mmoja nyuma ya kamba akapaza sauti: "Si ndivyo! Aonje!" Mwingine akadakia, na wa tatu akapiga kigelegele, na mara mtaa mzima ukawa unaimba neno moja: aonje, aonje, aonje.

Mheshimiwa alitabasamu kwa kamera. "Nimekwishaonja," alisema. "Kwa moyo."

"Kwa mdomo!" ulijibu umati.

"Basi nakaimisha! Bwana Hemedi, onja kwa niaba ya wizara."

"Mheshimiwa, nimefunga," alisema Bwana Hemedi.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi, Mheshimiwa."

Mkuu wa polisi alikuwa na vidonda vya tumbo. Hakimu alikuwa na kesi kesho. Wajumbe wa Jopo walikubaliana, kwa mara ya kwanza bila kuelekezwa, kwamba koo zao zote zilikuwa na mafua. Na glasi isingeweza kuwekwa chini, maana kila mtu pale alijua kwamba mwenyeji anayerudisha maji ya mgeni mezani ndiye aliyeyatia sumu. Mheshimiwa alisimama nayo juani, matone ya buluu yakidondokea suti yake bila kuacha alama. Bendi ikaambiwa ipige wimbo wa taifa ili kupoteza muda. Ukaisha wote, na bado alikuwa ameshika glasi.

Mwanasheria mwembamba alimnyemelea, akamnong'oneza sikioni. Mwenyeji akitoka kizuizini, wajibu humrudia mwenyewe. Uso wa Mheshimiwa ukakunjuka.

"Mleteni Mwanaheri!" alipiga kelele, akisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi. "Mwachieni! Hana kosa! Hakuna kesi! Aje apokee mgeni wake!"

Taifa zima lilisikia. Hakimu aliitikia kwa kichwa kutokana na mazoea, kisha akagundua alichokiitikia, lakini kamera zilikuwa zimeshamchukua.

*

Bi. Mwanaheri aliletwa kwa gari la polisi, king'ora kikilia, na khanga ile ile aliyokamatwa nayo. Watu walimpitisha juu ya kamba. Hakuwatazama wakubwa, alikwenda moja kwa moja kwa Leokadia, akamshika mashavu, akamkagua kama mtoto aliyerudi kutoka safari. Mheshimiwa akamsukumia glasi kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Mwenyeji, mgeni wako huyu. Onja, umpe."

Bi. Mwanaheri aliipokea. Akaiinua juani ili kila mtu aone, kisha akaimimina yote juu ya zulia, polepole, mpaka tone la mwisho. Pale yalipomwagikia, zulia likageuka zambarau na kutoa moshi kidogo.

"Mgeni wangu atakunywa uji wa maziwa matupu," alisema. "Sasa nataka kujua. Nani anayetia kitu kwenye maji yetu?"

Wazazi waliwatazama wanafunzi, na wanafunzi wakatazama chini, kwa maana waliambiwa na wakubwa wa shule wasahau somo lile.

"Mgeni kapokelewa na mwenyeji wake," alisema Bwana Hemedi haraka, na akainua muhuri. "Sheria imetimia. Nagonga."

Mheshimiwa Sururu alimdaka kifundo cha mkono. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Ngoja. Usaili wa Jopo haujafungwa. Limebaki swali moja." Alimgeukia Leokadia na kumsogezea kipaza sauti mdomoni. "Mwalimu, wewe ni mtembezi. Maji haya yameingiliwa wapi, unajua au hujui? Sema hujui, ugongewe sasa hivi, ukae na mama yako mpaka uchoke. Ukisema unajua, lori lile pale."

"Mwanangu, nyamaza," alisema Bi. Mwanaheri kwa sauti ndogo. "Mimi nimeshatoka. Nyamaza ubaki."

Leokadia aliutazama muhuri uliokuwa hewani. Aliutaka, kwa kweli aliutaka. Aliona chumba chake, benchi la chai mlangoni, kelele za mama asubuhi. Kisha akawatazama watu nyuma ya kamba, na wanafunzi wake waliofundishwa kutoona, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Najua," alisema. "Ni nyuma ya kiwanda cha ngozi, upande wa mashariki. Mnakata uwanja wa shule, mnavuka reli, mnaufuata mtaro mpaka kwenye ukuta wa matofali. Bomba lake limeungwa kwenye bomba lenu. Mwenye spana aje nayo, lina nati kubwa."

Bwana Hemedi akaushusha muhuri, taratibu, akauweka mfukoni mwake.

"Hakuna matembezi!" alipayuka Mheshimiwa. "Mpakieni!"

Lakini Leokadia alikuwa ameshashuka jukwaani, Bi. Mwanaheri kamshika mkono, na kamba ya kuzuia watu ilikuwa imeshakanyagwa. Mafundi walikimbilia majumbani wakarudi na spana na misumeno ya chuma. Wanafunzi wakatangulia wakionyesha njia kwa vidole, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye aliyeliona bomba lile kwanza. Lori la mpakani liliwafuata nyuma na maputo yake, likipiga honi liachiwe njia, na hakuna aliyepisha.